Karatasi Kabla ya Kisima

Ukisikia habari za mafuta yatokayo ardhini, msomaji, hapana shaka akili yako hukuletea picha ya mnara mrefu wa chuma, kekee izungukayo mchana na usiku, na wanaume waliopakaa matope meusi toka utosini hadi nyayoni. Picha hiyo ni ya kweli, lakini haianzi pale mambo yaanzapo. Kabla ya mnara kusimamishwa, mtu mmoja mwenye kalamu na mkoba wa karatasi huwa amekwisha kupita mahali pale. Hana nyundo wala sururu. Amekaa siku nyingi katika chumba cha hati za mahakama, akifunua vitabu vizito vya miaka mia na zaidi, akitafuta jibu la swali moja tu: nani mwenye haki ya kutia sahihi? Sisi na tumwite wakala wa ardhi. Nataka nikusimulie jinsi kazi yake ilivyozaliwa huko Marekani, jinsi ilivyokosa adabu katika ujana wake, na jinsi ilivyopelekwa shule ikiwa imekwisha kuwa kubwa.

Huenda ukauliza kwa nini kazi hii ilizaliwa Marekani, wala haikuzaliwa Urusi au Uajemi, nchi ambazo nazo zina mafuta tele. Sababu ni sheria. Katika nchi nyingi sana duniani madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya dola. Mkulima ana shamba, lakini hana kilicho chini ya mizizi ya mimea yake, na atakaye kuchimba huzungumza na serikali. Marekani haikushika njia hiyo. Iliacha ardhi zilizobaki mikononi mwa serikali zifuate sheria zake, lakini kwa mashamba ya watu ilishika kanuni iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ya kuwa mwenye ardhi anamiliki na kilicho chini yake. Kwa hiyo kampuni itakayo kuchimba haiendi kwa waziri mmoja. Huenda kwa mkulima huyu, na kwa jirani yake, na kwa mjane aliye ng'ambo ya mto, na kwa ndugu zake waliohamia mji wa mbali. Kila mmoja kwa mapatano yake.

Jambo hili lina pacha wake, na pacha huyo ana utata kuliko yeye. Madini yaweza kutengwa na uso wa nchi. Mzee aweza kuuza shamba lake na kubakiza haki ya mafuta, au akauza nusu ya haki hiyo na kuwaachia watoto wake nusu ya pili. Tangu siku ile shamba lina wenyewe wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na ng'ombe wa mtu mmoja hulisha juu ya mafuta ya mtu mwingine. Ukiitazama nyasi ile kwa macho, hutaona tofauti yoyote. Tofauti imo karatasini.

Watu wengi huianza historia ya mafuta ya Marekani na kisima cha Edwin Drake, kilichofikia mafuta tarehe 27 Agosti 1859 karibu na Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, kwa kina cha futi 69 na nusu tu. Habari ilipoenea, watu walimiminika bondeni wakikodi mashamba kutoka kwa wakulima ambao jana yake walikuwa wakihesabu magunia ya mahindi. Mikataba iliandikwa mbio mbio, mingine na watu wasiojua sheria kwa ajili ya watu wasiojua kusoma vizuri.

Mbio hizo hazikuwa za tamaa peke yake. Mafuta hayakai mahali pamoja kama jiwe la mpaka. Husukumwa na gesi na maji chini kwa chini, yakavuka mipaka bila kuijali. Majaji walihangaika: je, mafuta yaliyokuwa chini ya shamba langu jana, na leo yamevutwa na kisima cha jirani, ni ya nani? Katika shauri moja la mwaka 1889, Mahakama Kuu ya Pennsylvania ililinganisha mafuta na gesi na wanyama wa porini. Swala akipita shambani mwako, ni wako maadamu yumo na mkono wako unamfikia. Akivuka ukuta na kushikwa na mwingine, huna dai. Basi mwenye shamba aliyeona mnara umesimama karibu na mpaka wake hakuwa na dawa ila kuchimba na yeye, upesi. Nadhani unaweza kuona kanuni hiyo ilivyozaa ubadhirifu: visima viwili, vitatu, kumi, mahali ambapo kimoja kingetosha, kila mtu akinyonya kwa haraka asije mwenziwe akammalizia.

Ubadhirifu huo ulionekana wazi pale Spindletop, kilima kidogo karibu na mji wa Beaumont, Texas. Tarehe 10 Januari 1901 kisima cha Anthony Lucas kilirusha mafuta angani kwa nguvu ambayo haikuwa imeonwa katika nchi ile. Yakadiriwa mapipa 100,000 kwa siku, na ilichukua siku tisa kukiziba. Mji wa watu elfu tisa hivi ulifurika makumi ya maelfu kabla ya miezi mingi kupita. Ardhi ya kilima ilikatwakatwa vipande vidogo kuliko ekari, kisha vipande vya vipande, hata minara ikasongamana kiasi cha mtu kuweza kutoka mmoja hadi mwingine bila kukanyaga ardhi. Wauzaji waliuza mashamba wasiyoyaona kwa wanunuzi wasioyajua.

Katika vurugu hizo ndimo alimokulia wakala wa ardhi. Watu walimpa jina lisilo la heshima: mbwa wa kuwindia mikataba. Alikuja kwa farasi, baadaye kwa gari, akikaa barazani mwa mkulima akisifu chai na kuulizia hali ya watoto, na mfukoni mwake mna karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Tuisome karatasi hiyo pamoja, maana umbo lake halijabadilika sana hata leo. Kwanza, kuna fedha za mkononi anazopewa mkulima siku ya kutia sahihi. Pili, kuna mrabaha, yaani fungu la mafuta litakalokuwa lake iwapo yatapatikana. Kwa miaka mingi fungu hilo lilikuwa sehemu moja katika nane. Tatu, kuna muda, tuseme miaka mitano au kumi, na kodi ndogo ya kila mwaka kampuni ikichelewa kuchimba. Kisha yafuata maneno machache ambayo mkulima mwingi aliyapita bila kuyaona: ya kuwa mkataba utadumu kwa miaka hiyo, na baada yake muda wote mafuta au gesi vitakapoendelea kupatikana. Maneno hayo hayana mwisho. Kisima kimoja kidogo kikiendelea kutoa mafuta kwa miaka sitini, mkataba uliotiwa sahihi na babu utamfunga mjukuu.

Sikuambii haya ili umdhanie kila wakala kuwa mwizi. Wengi walikuwa watu wa kweli, na mkulima maskini aliyepata fedha za mkononi mwaka wa ukame alimshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kazi ilikuwa haina mwalimu, haina mtihani, wala haina mzee wa kumwonya kijana. Mwenye ulimi mtamu ndiye aliyeitwa fundi.

Sikiliza sasa habari ya Waosage, ambayo kila asomaye mambo ya ardhi yampasa kuijua. Hao ni taifa moja la wenyeji wa asili wa Marekani. Waliposukumwa kutoka Kansas, mwaka 1872 walinunua kwa fedha zao wenyewe nchi ya mawe na nyasi ambayo leo imo katika jimbo la Oklahoma. Mwaka 1906 serikali ya Marekani ilipotaka ardhi yao igawanywe mtu mmoja mmoja, viongozi wao walishikilia sharti moja: uso wa nchi na ugawanywe, lakini madini yote yaliyo chini yabaki mali ya taifa zima kwa pamoja. Watu 2,229 waliandikwa katika orodha, na kila mmoja akapata fungu sawa la mapato. Hekima kubwa ilikuwa katika sharti hilo. Mwenyeji aliyedanganywa akauza shamba lake hakupoteza mafuta pamoja nalo.

Mafuta yalipopatikana kwa wingi, mikataba ya kukodi iliuzwa kwa mnada hadharani, chini ya mti mkubwa katika mji wa Pawhuska. Matajiri wa kampuni walikaa kivulini na kupandishiana bei, na katika miaka ya 1920 kipande cha ekari 160 kiliweza kufika zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 1925 kila fungu lilileta zaidi ya dola 13,000, fedha nyingi mno kwa siku zile. Ikasemwa kwamba Waosage, mtu kwa mtu, walikuwa miongoni mwa watu matajiri kupita wote duniani.

Hapo ndipo uovu ulipopata njia. Mwaka 1921 sheria iliwafanya Waosage wengi kuwa kama watoto mbele ya mali yao wenyewe: mtu alipangiwa mlezi wa kizungu wa kusimamia fedha zake hadi athibitishe kuwa na akili ya kuzisimamia. Na mafungu yale hayakuweza kuuzwa, ila yaliweza kurithiwa. Fikiri maana ya hayo, msomaji. Kitu kisichonunulika, lakini chaweza kurithiwa, mtu mbaya atakipataje? Wanaume walioa katika jamaa za Waosage, kisha wake, mashemeji na wakwe wakaanza kufa, huyu kwa risasi, yule kwa sumu, wengine kwa nyumba kulipuliwa usiku. Waliouawa kati ya mwaka 1921 na 1926 ni dazeni mbili kwa hesabu ya wapelelezi wa serikali, na wengi huamini kwamba idadi ilizidi hapo. Tajiri mmoja mfugaji, William Hale, aliyejiita rafiki yao, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1929. Mwaka 1925 Bunge la Marekani lilikuwa limebadili sheria ili mtu asiye Mosage asirithi tena fungu la Mosage mwenye nusu au zaidi ya damu ya taifa lake. Sheria ilibadilishwa kwa mistari michache. Mistari hiyo ingaliandikwa tangu 1906, ni watu wangapi wangalifia vitandani mwao uzeeni?

Msiba wa Waosage ulikuwa wa mauaji. Wa Texas ya mashariki ulikuwa wa ujinga na ujanja uliochanganyika. Columbus Joiner, mzee wa miaka sabini ambaye watu walimwita Baba, alikodi maelfu ya ekari katika kaunti ya Rusk, mahali ambapo wataalamu wa kampuni kubwa walikuwa wamesema hapana kitu. Hakuwa na fedha. Alichimba kwa vyombo vilivyochakaa katika shamba la mjane Daisy Bradford, akiuza hati za hisa kwa wakulima, wenye maduka na wajane ili apate fedha za kuni na mishahara. Kisima cha kwanza kiliharibika, na cha pili pia. Cha tatu, mwanzoni mwa Oktoba 1930, kilitoa mafuta mbele ya maelfu ya watu waliokuja kutazama. Joiner alikuwa amegundua ziwa la mafuta lenye ekari kama 140,000, kubwa kuliko yote yaliyojulikana wakati ule katika majimbo yale ya Marekani.

Sherehe haikudumu. Karatasi zilipokusanywa pamoja, ilionekana kwamba Joiner alikuwa ameuza sehemu zile zile kwa watu mbalimbali zaidi ya mara moja, na hisa zikajumlika kupita kitu kizima. Kama mafuta yasingalipatikana, hakuna ambaye angalijua. Kisima kikavu hakidaiwi na mtu. Kilichomharibia ni kufaulu. Wadai walifurika mahakamani, na mwezi Novemba mwaka ule ule Joiner aliuza haki zake kwa H. L. Hunt kwa bei iliyozidi dola milioni moja, sehemu kubwa yake ikiwa ni ahadi ya kulipwa kutokana na mafuta yenyewe. Hunt alirithi mashtaka pamoja na visima, akapigana nayo kwa miaka mingi, na akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani. Joiner alikufa mwaka 1947, na wakati huo hakuwa na utajiri wa kutajika.

Wakati huo huo ile kanuni ya mnyama wa porini ilikuwa ikifanya kazi yake. Kila mwenye kipande alichimba. Mafuta yakazidi, na bei ya pipa, iliyokuwa karibu dola moja, ikaanguka mwaka 1931 hadi senti chache. Mwezi Agosti gavana wa Texas alituma askari kufunga visima. Tangu hapo yakaja masharti juu ya umbali kati ya kisima na kisima, juu ya kiasi cha kutoa kila siku, na juu ya kuunganisha mashamba madogo yawe fungu moja lenye kisima kimoja, kila mmoja akilipwa kwa kadiri ya ekari zake. Masharti hayo yaliokoa mafuta mengi. Lakini yalimwongezea wakala kazi, maana sasa kosa katika hati ya shamba moja lilivuruga hesabu ya mashamba ishirini.

Kampuni zikatambua kwamba ulimi mtamu hautoshi. Mwaka 1955 mawakala waliunda chama chao cha taifa katika mji wa Fort Worth, wakajiwekea kanuni za mwenendo. Na mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Oklahoma, mjini Norman, kilianzisha masomo ya shahada katika usimamizi wa ardhi ya mafuta. Karibu miaka mia moja kamili ilikuwa imepita tangu kisima cha Drake. Daktari wa meno na mpima ardhi walikuwa na vyuo vyao kitambo, lakini huyu aliyeshika urithi wa familia nyingi kwa kalamu yake alikuwa bado akijifunza kwa kukosea.

Je, hufundishwa nini? Hufundishwa miamba kidogo, ili aelewe maneno ya wataalamu wa miamba. Sheria ya mikataba, ya mirathi na ya madini. Hesabu za fedha. Na namna ya kuzungumza na watu. Lakini moyo wa kazi ni kusoma hati. Mwanafunzi wa Oklahoma hujifunza ule mpango wa mwaka 1785 uliokata nchi kwa miraba: mraba wa maili sita kila upande, ndani yake vipande 36, kila kipande ekari 640. Huo ni mpango mwepesi kama daftari la hesabu. Akivuka kuingia Texas daftari hilo humfaa kidogo tu, maana jimbo hilo lilipojiunga na Marekani mwaka 1845 lilibaki na ardhi yake na vipimo vyake. Huko hukutana na hati zilizoandikwa kwa Kispania tangu enzi za wafalme wa Hispania na za Meksiko, zikipima kwa vara, ambayo katika Texas ni inchi 33 na theluthi, toka mwaloni wenye alama ya shoka hadi ukingo wa mto. Mwaloni ulikauka zamani. Mto nao umehama.

Baada ya mipaka huja majina. Wakala huanza na hati ya kwanza kabisa, siku dola ilipompa mtu ardhi ile, akashuka hati kwa hati hadi leo: nani alimuuzia nani, nani aliweka rehani, nani alikufa, nani alirithi. Hati hizo zikishikana zafanana na mnyororo, na pete moja ikikosekana mnyororo hauvuti kitu. Chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Mjane mwanamume ana ekari 160. Anakufa bila wosia, akiacha watoto wanne. Kila mmoja ana robo. Mmoja wao anakufa akiacha watoto watano. Kila mmoja wa hao ana sehemu moja katika ishirini, yaani kama ekari nane. Mmoja katika hao watano amehamia California wala hajui kwamba babu yake alikuwa na shamba. Kampuni inachimba, na mrabaha ni moja ya nane. Fungu la mjukuu huyo ni moja ya nane ya moja ya ishirini. Katika kila mapipa 160 yatokayo kisimani, pipa moja ni lake. Kampuni ikimlipa binamu yake pipa hilo, siku mwenyewe akitokea italilipa mara ya pili. Kwa hiyo wakala hutafuta vyeti vya ndoa, talaka na vifo, hupiga hodi kwa wazee, huuliza kanisani, hata ampate mtu yule.

Kama wadhani ninakuza jambo dogo, tazama shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Texas mwezi Februari 2023. Hati ya mwaka 1924 ilisema kwamba wauzaji wa shamba fulani walijibakizia nusu ya moja ya nane ya madini. Mtoto wa shule ya msingi atakuambia kuwa nusu ya moja ya nane ni moja ya kumi na sita. Lakini watu wa 1924 walikuwa wamezoea mno mrabaha wa moja ya nane, hata waliposema moja ya nane walimaanisha yote aliyo nayo mwenye ardhi. Kwa hiyo nusu ya moja ya nane ilikuwa ni nusu ya madini yote. Mahakama ilikubali maana hiyo ya wazee, ikiona pia kwamba pande zote mbili ziliishi kwa kuifuata miaka mingi. Kati ya nusu na moja ya kumi na sita tofauti ni mara nane. Mkono ulioandika maneno yale ulikuwa kaburini zamani, na hesabu peke yake isingaliweza kuueleza, ilihitajiwa historia.

Yanipasa niseme na jambo ambalo vitabu vya kazi hii hulipitia kwa haraka. Wakala wa ardhi, hata akiwa na shahada na cheti cha chama, analipwa na kampuni. Kanuni zake zamkataza kudanganya, lakini si mwalimu wa mkulima. Elimu yote niliyokueleza imekaa upande mmoja wa meza. Mkulima mwenye uwezo huleta mwanasheria. Asiye nao hutegemea wema wa mgeni wake. Kusomesha upande mmoja kumepunguza makosa, sikatai, lakini hakujasawazisha mizani. Siku hizi mawakala hao hao huenda kwa wafugaji wa Texas kukodi mahali pa minara ya upepo na vioo vya kuvuta jua, na mikataba hiyo nayo hudumu miongo kadhaa.

Na kwetu Kenya? Sheria yetu ni ya njia ile ya kwanza. Katiba ya 2010 imeweka madini na mafuta kuwa mali ya umma, basi hapa hakuna mkulima wa kuuza mafuta ya chini ya shamba lake. Mafuta yalitafutwa kwa miaka mingi. Kisima cha kwanza, Walu, kilichimbwa mwaka 1960, na hatimaye mwezi Machi 2012 ikatangazwa kwamba yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, huko Turkana. Sheria ya Petroli ya 2019 iligawa fungu la serikali hivi: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya mahali. Mgawo huo haukupatikana kwa utulivu. Mwezi Juni 2018 wananchi wa Turkana walizuia malori yaliyokuwa yakipeleka mafuta Mombasa, wakidai usalama na fungu lao, na shehena ya kwanza ya mapipa 200,000 ikapakiwa melini mwezi Agosti 2019.

Lakini dola kumiliki kilicho chini hakulifuti swali la wakala; kunalihamishia juu. Kisima, barabara na bomba huhitaji malisho ya mtu. Nchi ile ni ya wafugaji, na haki yao haikuandikwa katika vitabu vya mahakama kama ya mkulima wa Texas. Imo katika vijito, visima vya maji na majina ya koo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliwapa njia ya kuiandika: jamii ijiandikishe, ichague kamati, na mkataba wa mwekezaji ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wake kikaoni. Ardhi isiyosajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana. Mwanafunzi wa Norman, akiletwa huko na mkoba wake, angefungua kitabu cha hati na pengine asione jina la mtu hata mmoja wa wale wanaonywesha mifugo yao pale. Ingempasa aulize watu wazima wa jamii ile ni wangapi, theluthi mbili yao ni wangapi, na mkutano uitishwe mwezi gani ili wale walio mbali na ngamia wao, wakifuata mvua, wawe wamerudi.